Pikipiki Yako, Jicho Langu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Njombe alinunua pikipiki ya umeme. Aliileta Jumamosi alasiri nyuma ya soko, mahali tunapokutana wenye pikipiki, akaiegesha katikati yetu, na kabla hatujamaliza kuizunguka akatangaza kwamba yeye na shida zetu basi. Haina oili, haina plagi, haina kabureta, haina tapeti. "Mama daktari," akaniambia, maana vijijini kila mtu wa mifugo ni daktari, "hii haina matunzo. Unachaji, unaondoka."

Wenzangu wakaingia kwenye hesabu za bei ya petroli. Mimi nilirudi nyumbani na kauli ile, nikalala nayo.

Sina ugomvi na umeme. Jijini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi mpaka iwe ya umeme, na huku kwetu nazo zitakuja tu, nyingi kuliko hii moja. Nitafurahi kuona moshi umepungua na kelele zimepungua. Lakini nimeendesha pikipiki katika milima hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nimewauguza, na hata kuwazika, watu niliokuwa nikiendesha nao. Hakuna hata mmoja aliyeumizwa na oili wala plagi. Injini ikigoma inakuacha porini, utatembea kwa mguu na utalala na njaa. Kinachokuangusha kiko nje ya injini: tairi, cheni, breki, bolti. Na hivyo vyote kijana wetu amekuja navyo.

Nilianza kazi ya uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa katika kata moja ya juu, upande wa Makete, wakati barabara ile ikiwa vumbi tupu kiangazi na tope jekundu kuanzia Novemba hadi Mei. Mbegu zilitoka kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kilichoko Usa River mkoani Arusha, nazo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wangu mdogo nilikuwa naufunga kwenye keria. Ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni. Aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Ukichelewa, mfugaji anasubiri siku 21 nyingine, na kwa mwenye ng'ombe mmoja siku hizo ni maziwa yatakayochelewa na ada ya mtoto itakayokosekana. Kwa hiyo pikipiki kwangu ilikuwa chombo cha kazi, sawasawa na mtungi ule. Nilikopa SACCOS, nikanunua ya Kichina, mkono wa pili.

Injini yake ilikuwa ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976 na baadaye ikaigwa na viwanda vingi vya China. Wahandisi wa Honda waliifikiria kwa ajili ya nchi ambazo gereji iko mbali na mwenye chombo hana muda: badala ya cheni ya ndani inayodai kukazwa, valvu zake husukumwa na fito, na huvumilia oili iliyochelewa kubadilishwa. Nilikuja kuelewa baadaye jinsi uvumilivu ule ulivyotudanganya wengi. Injini isiyolalamika humfanya mtu aamini kwamba pikipiki nzima iko salama.

Aliyenifundisha kutazama alikuwa bwana shamba wa kata ya jirani, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye Yamaha AG100. Ile pikipiki ilijengwa kwa ajili ya mashamba. Cheni yake imefunikwa yote ndani ya kasha la chuma, haioni vumbi wala tope. Nilikuwa nampitia alfajiri ili tuandamane mpaka njia panda. Kila asubuhi, baridi au mvua, hakugusa kiki kabla ya kuizunguka pikipiki yake. Alianzia tairi la mbele: analibonyeza kwa goti, analizungusha, anapitisha kiganja kutafuta mwiba au msumari. Kisha anagonga spoki moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Kisha breki, mbele na nyuma. Kisha waya wa klachi pale unapoingia kwenye mkono wake, kuona kama nyuzi zimeanza kukatika. Kisha nati za ekseli. Taa. Oili na petroli vilikuja mwisho kabisa.

Watu walipita wakimwamkia, "Kamwene," naye aliitikia bila kuinua macho, mkono ukiendelea na kazi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anaanzia chini wakati sisi wote tunaanzia kwenye injini. Akanijibu, "Mwanangu, anza na kile kinachogusa ardhi. Injini itakuambia yenyewe ikiumwa. Tairi halisemi."

Nimeyapima maneno yale kwa miaka mingi na sijaona yalipopungua. Injini kweli husema. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kule juu hewa ni nyepesi, kabureta inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa iliyopungua, na pikipiki inaanza kukohoa na kukosa nguvu. Katekista mmoja wa huko, aliyekuwa akizungukia vigango vyake kwa pikipiki kuukuu, ndiye aliyenionyesha namna ya kusoma plagi. Tulikuwa tumekutana kwenye kibanda cha chai, yangu ikiwaka kwa shida. Aliifungua plagi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Ncha ikiwa ya kahawia, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini inaungua. Ikiwa na majimaji meusi ya mafuta, ringi zimechoka. Yangu ilikuwa masizi. Akafungua filta kwanza, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikamua, akaipaka oili kidogo, akaikamua tena. Kisha akashusha sindano ya kabureta kwa pengo moja. Niliondoka pale pikipiki ikivuta.

Kijiweni kwetu palikuwa na dereva aliyetatua tatizo hilohilo kwa kuondoa filta kabisa, injini ipate hewa. Ilipata, tena hewa yenye vumbi la barabara ya Makete. Haukupita muda mrefu silinda ikawa imekwaruzwa, pikipiki inatoa moshi wa bluu, inakunywa oili. Tulimchangia akapeleka silinda mjini kuchongwa upya. Gharama ilimuuma, ila alikuwa mzima. Hata petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ilitusumbua sana kabla mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, haijaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na vijijini ikaendelea hata baada ya hapo, ilituharibia safari na kututoa fedha. Maisha yetu haikuyagusa.

Cheni ni habari nyingine. Kulikuwa na mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa akishusha lumbesa mbili kwa mpigo kutoka mashambani hadi barabara kubwa. Mtu mchapakazi, anayejali chombo chake kwa namna aliyoijua: kila jioni aliimwagia cheni oili chafu aliyoiomba kwa mafundi, ile iliyotolewa kwenye injini za watu. Ilikuwa bure na cheni ilionekana imelowa vizuri. Lakini oili chafu ina chembe za chuma ndani yake, na ikikutana na vumbi inakuwa tope la kusaga. Meno ya spoketi yake ya nyuma yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja. Aliponunua cheni mpya alifunga cheni peke yake, spoketi akaziacha zilezile, kwa kuwa hela haikutosha.

Ilikatika akiwa anapanda kilima, na hiyo ilikuwa heri yake. Cheni ikikatika kwenye mwendo huweza kujikunja penye spoketi ndogo ya mbele, ikapasua kasha la injini au ikakaza gurudumu la nyuma ghafla. Yake ilipasua kasha, oili yote ikamwagika barabarani, pikipiki ikasimama na kuanza kurudi nyuma na zile lumbesa. Aliruka. Viazi tuliviokota mtaroni pamoja na wanafunzi waliokuwa wanatoka shule.

Jioni ile, pembeni ya kasha lililopasuka, ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakibishana kwa makini juu ya cheni. Fundi mmoja alieleza polepole: cheni na spoketi zake mbili hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu kipya kikifungwa juu ya kilichochakaa huchakaa haraka vilevile. Ilegee sentimita mbili hadi tatu katikati, si zaidi, na isikazwe mpaka ikalia, maana ukipanda na mzigo shokapu hushuka na cheni hujivuta yenyewe. Alama za ekseli kulia na kushoto zilingane, la sivyo gurudumu linakaa upande na tairi linaliwa. Oili ya gia, ile nzito namba 90, ipakwe jioni ukishafika, cheni ikiwa bado na joto, ili ilale ndani ya viungo usiku kucha. Kila mmoja wetu aliyesimama pale alikuwa anajua sehemu tu ya hayo. Mwalimu alijua habari ya alama, mwenye duka alijua habari ya joto, mimi nilijua kipimo cha kulegea. Hakuna aliyekuwa nayo yote, na tulikuwa tumeegesha pamoja kijiweni kwa miaka.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na fundi seremala, mtu wa maneno machache, aliyefunga mbao na zana zake nyuma ya pikipiki na kwenda kujenga mapaa ya watu vijiji vya bondeni. Kama wengi wetu, kwenye mteremko mrefu alikuwa anazima injini na kutelemka kwa nyutro ili kuokoa petroli. Tulilichukulia kuwa ni busara ya uchumi. Sasa najua maana yake: ukizima injini umejinyang'anya breki muhimu, ile ya gia, na mzigo wote umeubebesha shuu ndogo mbili ndani ya ngoma. Shuu zikipata moto mwingi huanza kuteleza, unakanyaga na hazishiki kama zilivyoshika juu ya kilima.

Siku chache kabla ya ajali yake, tairi lake la nyuma lilikuwa limetoboka kijijini na mtu akamsaidia kuziba. Ili kutoa gurudumu la nyuma kwenye pikipiki za shuu, lazima ufungue ule mkono wa chuma unaoishikilia sahani ya breki isizunguke. Mkono huo hufungwa kwa bolti moja, nati moja, na pini nyembamba inayopita katikati ya bolti ili nati isitoke kwa mtikisiko. Pini ile haikurudishwa. Labda ilianguka kwenye majani, labda ilivunjika na hapakuwa na nyingine. Nati ikakaa siku kadhaa, ikilegea kidogo kidogo kwa mawe ya barabara, halafu ikatoka.

Alipokanyaga breki mteremkoni, sahani haikuwa na kitu cha kuishikilia. Ilizunguka pamoja na gurudumu, ikaukunja ule mtaimbo wa breki, gurudumu likakaza. Hakufika hospitali.

Asubuhi ya siku ile alikunywa chai nasi. Pikipiki yake ilikuwa imeegemea stendi ya kushoto kama kawaida, na upande wa kulia, upande wenye mkono ule wa breki, ulikuwa umetuelekea sisi tuliokaa kwenye benchi. Palikuwa na mafundi wawili kati yetu. Haikuwa desturi ya mtu yeyote kuchunguza pikipiki ya mwenzake. Ingeonekana unamtafuta dosari, au unahesabu hali yake ya fedha.

Baada ya matanga, fundi aliyeichunguza ile pikipiki alituonyesha tundu la pini likiwa tupu. Halikuwa na alama ya kuvunjika. Lilikuwa safi. Mjane alikuwepo. Alitazama lile tundu, akauliza pini inauzwa shilingi ngapi. Hakuna aliyemjibu.

Kutokana na tukio hilo tulianzisha utaratibu tulionao mpaka leo. Jumamosi alasiri funguo zote zinawekwa ndani ya helmeti moja, kila mtu anachukua mmoja bila kuangalia, na pikipiki ya ufunguo uliokuja mkononi ndiyo utakayoikagua. Yako huigusi. Jicho la mwenye chombo huzoea. Nati iliyolegea polepole kwa majuma matatu, mwenyewe haioni, kwa sababu jana ilikuwa karibu hivyohivyo. Tairi lililoisha kashata haliishi kwa siku moja. Mgeni huliona mara ya kwanza akiinama. Akimaliza, anamwita mwenye pikipiki na kumwonyesha kwa kidole, na mwenye pikipiki haruhusiwi kujitetea. Anasema asante, anakwenda kutafuta spana.

Haikuwa rahisi. Wanaume kadhaa hawakutaka pikipiki zao zikaguliwe na mwanamke, na mmoja alichukua ufunguo wake mkononi mwangu akaurudisha kwenye helmeti. Mzee wa AG100, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na alikuja kijiweni kwa mazoea tu, alinyoosha mkono, akautoa tena na kunirudishia. Hakusema kitu. Niliikagua ile pikipiki, nikakuta beringi za usukani zimelegea kiasi kwamba ukishika breki ya mbele na kuisukuma unasikia zinagonga. Mwenyewe alikuwa akidhani ni barabara mbovu. Tangu hapo sikusikia neno.

Madereva wa bodaboda walikuwa na pingamizi lao, tena la haki. Wengi wao pikipiki si zao. Anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni hatoi fedha yake mfukoni kununulia tairi la mtu mwingine, na bosi aliyeko mjini halioni tairi, anaona hesabu. Aliye kwenye mkataba, anayelipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake, alikuwa mtu tofauti kabisa: utamkuta anaosha cheni kwa brashi. Kijana yuleyule, nimemwona mwenyewe, alibadilika mwenendo alipotoka kwenye hesabu akaingia kwenye mkataba. Wanaohubiri usalama kwa bodaboda wangeanzia hapo. Tuliwaingiza hivyohivyo, na pale mkaguzi alipokuta jambo la hatari tulilipa kutoka kwenye mfuko wetu kisha tukampigia simu bosi wote kwa pamoja, simu ikiwa kwenye spika. Mabosi wengi walirudisha hela.

Mimi mwenyewe niliokolewa na utaratibu huu. Mwalimu wa sekondari alichukua ufunguo wangu, akatazama chini ya keria pale chuma kilipounganishwa kwa kuchomelea, akaona ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Mtungi wa naitrojeni ukidondoka kwenye mwendo ukavunjika shingo, mbegu zote zimekwisha, na mtu aliye karibu anaweza kuunguzwa vibaya na ubaridi ule. Keria ilikuwa imebeba mtungi ule kila siku ya kazi na mimi nilikuwa naufunga kamba palepale juu ya ufa, nikiutazama kutoka juu. Yeye aliinama.

Baadaye sana, kwenye semina, bwana afya mmoja alitueleza habari za Riders for Health, shirika lililoasisiwa na Waingereza Andrea na Barry Coleman, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 waliona pikipiki za misaada Afrika zimetupwa zikiwa bado changa kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuzitunza. Walikuja kufanya kazi na wahudumu wa afya katika nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia, na msingi wao ulikuwa ukaguzi wa kila siku wa mwendeshaji mwenyewe, pamoja na kubadilisha kifaa kabla hakijafa. Niliposikia hayo nilimkumbuka mzee wa AG100 na spana yake. Kitu kimoja sikukisikia kwao, nacho ndicho tulichokilipia sisi kwa uhai wa mtu: kwamba mwendeshaji akaguliwe chombo na mwenzake.

Nirudi kwa kijana wetu. Jumamosi iliyofuata aliombwa aweke ufunguo wake kwenye helmeti kama wengine. Alisita, akauweka. Uliangukia kwa fundi cherehani, mtu mwenye macho ya kuona uzi. Alitumia muda mrefu. Pikipiki mpya husafirishwa ndani ya sanduku na kufungwa dukani, bolti zake hazijazoeana na zinahitaji kukazwa upya baada ya safari za mwanzo, iwe ni ya petroli au ya umeme. Fundi cherehani alikuta bolti mbili za kishikio zinageuka kwa vidole. Cheni, maana ile nayo ina cheni, ilikuwa imelegea na haijapakwa chochote tangu dukani. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa chini, na kwa pikipiki ya betri hilo lina hasara mbili, linahatarisha kona na linakula chaji. Waya mkubwa wa betri ulikuwa unasugua fremu, plastiki yake imeanza kuchubuka.

Kijana alishukuru, kama desturi inavyotaka. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Bolti ya kishikio ikazwe kwa nguvu kiasi gani? Pedi za breki zinaingiliana na za pikipiki gani? Waya ule nani anaruhusiwa kuugusa, na akiugusa fundi wetu, dhamana inakufa? Kitabu alichopewa kina Kichina na Kiingereza. Alipopiga simu dukani aliambiwa ailete mjini Dar es Salaam.

Lakini tuligundua jambo moja zuri siku ile. Alipoiendesha taratibu kuzunguka uwanja, bila ngurumo ya injini, tulisikia kila kitu: cheni ikigusa kasha lake, shuu ya nyuma ikikwaruza, hata jiwe dogo lililonasa kwenye tairi. Mzee wa AG100 angeipenda. Angetembea pembeni yake ameinamisha sikio.

Ninachokihofia kwa hizi pikipiki kiko kwenye umiliki. Kigali, kampuni ya Ampersand inawawezesha madereva kubadilishana betri vituoni. Dereva ananunua pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni. Kwa betri ni mpango mzuri, kwa kuwa anayeijua ndiye anayeitunza. Hofu yangu ni kwamba tabia hiyo itavuka betri na kuingia kwenye chombo kizima, dereva aone kwamba kila kitu kilicho chini yake ni cha kampuni na ni kazi ya kampuni, kama madereva wa hesabu walivyoona tairi ni la bosi. Kampuni haitakuwepo saa kumi na mbili asubuhi kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Atakuwepo yeye, na pengine abiria wake mwenye mtoto mgongoni.

Wanaoingiza pikipiki hizi nchini nawaomba mambo mawili, nami nayasema kwa niaba ya wote wanaoweka funguo kwenye helmeti ile. Wafundishe mafundi wa wilayani, wale walioko Makete na Ludewa kama walioko Dar es Salaam, na wawape ruhusa ya maandishi ya kugusa breki, cheni, magurudumu na usukani bila mnunuzi kupoteza dhamana. Na kila pikipiki itoke dukani na kijitabu cha Kiswahili kinachoonyesha kwa picha kila bolti inayopaswa kukazwa, kipimo chake, na pini yake inakaa wapi.